Maji ya Kuchezea Bariadi? Mbona Inawezekana!

  Walioko Somanda, Sima, Nyakabindi na Malambo, mwangaluka! Na nyie wa Lamadi mnaokula sato wakiwa bado wanarukaruka, msinune, leo nawagusa na nyie.

Haya, mada. Wiki hii naleta kitu ambacho ukikitaja kijiweni watu wanacheka kwanza. Halafu wanakaa kimya kidogo. Halafu mmoja anauliza, "Hivi hicho kitu kinajengwa kwa shilingi ngapi?" Kitu chenyewe ni uwanja wa maji kwa ajili ya watoto. Wazungu wanauita splashi padi. Sio bwawa la kuogelea, tuelewane hapo mapema. Ni sakafu ya zege tu, pana kama uwanja wa netiboli au hata nusu yake, imewekewa vitundu chini. Ukibonyeza kitufe, maji yanaruka juu kutoka kwenye vile vitundu, na mengine yanamwagika kutoka kwenye bomba lililopindwa kama shingo ya twiga. Watoto wanapita katikati wakipiga makelele, wanalowa chapachapa, basi. Maji hayatuami. Yakigusa sakafu yanateremkia kwenye mfereji. Hakuna kina. Mtoto wa miaka mitatu akianguka, anaangukia sakafu iliyolowa, analia kidogo, anasimama, anaendelea na mambo yake.

Shikeni hilo neno "hakuna kina". Ndiyo sababu ya mimi kuandika leo.

Hebu niambieni, mtoto wa Bariadi anacheza na maji wapi? Jibu mnalo. Mvua zikishaanza mwezi wa kumi na moja mpaka zinapokatika mwezi wa nne au wa tano, mji unajaa maji ya bure. Kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Kuna shimo alilochimba mkandarasi akichota moramu ya barabara, kisha akapakia mitambo yake akaondoka bila kufukia. Kuna mashimo ya wafyatua tofali. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa. Mtoto haoni chini, na anayekuja kumtafuta naye haoni. Wanakwenda watatu wanne, mdogo kamfuata mkubwa, na huyo mkubwa mwenyewe ana miaka kumi. Nguo wanaziacha ukingoni. Mara nyingi zile nguo ndizo zinazotoa habari: nguo za watoto wawili, aliyesimama ni mmoja, na huyo mmoja ameshakimbia kwa woga.

Samahani kwa kuwaharibia wikiendi, lakini hii siyo hadithi ya kutunga. Kila masika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaitwa kwenye mashimo ya namna hii Kanda ya Ziwa, na wakifika kazi inayobaki huwa ni ya kuopoa. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2024 likasema watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021 peke yake, na karibu robo yao ni watoto ambao hawajafika miaka mitano. Ukiwaongeza wale wa miaka mitano hadi kumi na minne, unakaribia nusu. Hapo majirani zetu wa Mwanza, shirika la EMEDO limekuwa likiendesha mradi wa kuzuia vifo vya kuzama Ziwa Victoria. Safi sana. Ila lambo la Bariadi halina boti wala jaketi la kuokolea, na hakuna anayelihesabu kuwa ni ziwa.

Sisi dawa yetu ni fimbo. Mama anamwita mwanae, anamkwaruza mkono kwa kucha. Ukitokea mstari mweupe, kesi imekwisha, mtoto ametoka kuogelea. Anachapwa. Keshokutwa amekwenda tena, safari hii akirudi anajipaka mafuta kwanza. Kizazi na kizazi tunachezeana huo mchezo na bado watoto wanakwenda, kwa sababu joto la saa nane mchana halina habari na fimbo ya mtu.

Na asiyezama anaweza kurudi na kichocho. Konokono wa maji baridi wanatoa vijidudu, vijidudu vinapenya kwenye ngozi, na baada ya muda mtoto anakojoa damu na kujiona amekuwa mwanaume. Kanda yetu ya Ziwa ni mojawapo ya sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi nchini. Serikali inagawa vidonge mashuleni, mnaukumbuka ule ubao wa kupimia urefu ili ujulikane mtoto ameze vingapi? Vinasaidia kweli. Lakini akitoka shule saa nane, saa tisa yuko wapi? Lamboni. Tunapiga deki huku bomba linavuja.

Sasa, nilipolimwaga hili wazo kijiweni, fundi mmoja wa pikipiki alinirukia kama mbogo. "Wewe mzima kweli? Bi mkubwa wangu ananunua maji ya toroli, wewe unataka ya kurusha hewani?"

Bwana yule ana hoja, na sitaki kumpita pembeni. Hebu tupige hesabu hata za kijiweni. Tuseme uwanja una vitundu 10, kila kimoja kinatoa lita 20 kwa dakika, yaani ndoo moja. Dakika moja, ndoo 10 zimekwenda. Saa moja ni ndoo 600, lita 12,000. Ukifungua saa tano kwa siku, lita 60,000 zinaingia mtaroni huku kina mama wakizitazama na madumu yao mkononi. Mpango wa hivyo akiuleta mtu hapa mjini, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kuandamana, na fundi wangu wa pikipiki nitambeba mgongoni.

Ila kuna njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo, maji yanatumika mara moja yanamwagwa. Inawafaa wenye maji mpaka yakawazidi. Ya pili ni ya kuzungusha: unachimbia tangi chini ya ardhi, tuseme la lita 10,000, maji yanaruka, yanarudi tangini, yanachujwa, yanawekwa dawa, pampu inayarusha tena. Yale yale. Kinachopotea ni yanayokaushwa na jua, yanayoondoka na miili na vichupi vya watoto, na ya kusafishia chujio. Hayo unajazia. Na kitufe kinawekewa saa, kikibonyezwa maji yanatoka dakika tatu yanakata. Hakuna mtoto, hakuna maji.

Wenzetu nao hawakuanza na anasa. Kule New York, joto la kiangazi likizidi, watoto wa uswahilini kwao walikuwa wanafungua mabomba ya zimamoto barabarani na kuoga humo humo. Bomba la namna hiyo likiachiwa wazi linatapika hadi lita 3,800 hivi kwa dakika, likimkuta mtoto linambwaga, na gari la zimamoto likija halikuti presha. Walipoona marufuku haitoshi, walitengeneza kifuniko chenye matundu. Sasa mkazi mtu mzima anakwenda kituo cha zimamoto, anaomba, anafungiwa kile kifuniko, na bomba linarusha lita zisizofika 100 kwa dakika. Watoto wanacheza, mji unabaki na maji yake. Kilichonivutia hapo ni kwamba wazee wa mji walikubali jambo moja: watoto watayafuata maji tu, kwa hiyo kazi ya mkubwa ni kuchagua ni maji gani.

Nasi mambo hayajalala. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi mkubwa wa kuuwezesha Mkoa wa Simiyu kuhimili ukame, serikali yetu na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, zikiwemo ndani. Moyo wa mradi ule ni kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega kuyaleta huku Bariadi na Itilima, na baadaye Maswa na Meatu. Mnajua jinsi tulivyousubiri. Mimi nasema hivi: bomba la ziwa lijaze ndoo za kina mama kwanza, hilo halina mjadala. Lakini kuchora, kutenga kiwanja na kupanda miti ya kivuli hakunywi maji. Hayo yanafanyika leo. Tukisubiri maji yafike ndipo tutafute kiwanja, tutakuta kiwanja kimeota baa.

Nisije nikaonekana nauza ndoto za Ulaya, na kasheshe zake nazitaja. Uwanja wa maji ukiendeshwa kienyeji unaugawa mtaa mzima ugonjwa wa kuhara. Marekani yamewakuta. Mwaka 1997 chemchemi ya kuchezea kwenye bustani ya wanyama kule Minnesota iliwaangusha mamia ya watu, wengi watoto. Mwaka 2005 uwanja wa aina hii kwenye hifadhi moja ya jimbo la New York ukaangusha maelfu. Taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, imehesabu milipuko 60 kati ya mwaka 1997 na 2022, wagonjwa zaidi ya 10,000. Mzizi wa fitina ni kijidudu kinaitwa kriptosporidiamu. Hicho bwana kinaweza kukaa ndani ya maji yenye klorini siku kadhaa na kikatoka kinacheka.

Kinaingiaje? Mtoto ana nepi imejaa, anakalia tundu la maji kwa sababu linamtekenya, maji yanaosha kila kitu, yanarudi tangini, yanaruka tena mdomoni kwa mwenzie aliyeachama. Ndiyo maana wenye akili wanaweka na taa ya mionzi ya urujuanimno kwenye bomba, inayakaanga haya madudu kabla maji hayajaruka tena. Na pembeni kuna choo kinachofanya kazi, na bomba la kujisafisha kabla ya kuingia. Mtoto aliyeharisha anakaa nyumbani mpaka zipite wiki mbili tangu apone. Mama atabisha, atasema "mbona amepona huyu!" Hapo ndipo anapohitajika mtu wa getini mwenye mdomo na mshahara.

Narudia, mshahara. Vitu vyetu vingi vya umma vinakufa siku ya pili baada ya utepe kukatwa, kwa sababu bajeti ilikuwa ya kujenga na siyo ya kutunza. Uwanja wa maji unataka mtu anayepima dawa ya maji asubuhi na mchana, anayefunga geti umeme ukikatika, anayefagia chujio. Kama hakuna fungu la mtu huyo kwa miaka mitatu ya mwanzo, bora tusijenge. Tupande maua.

Halafu kuna udongo wetu, huu mweusi wa mbuga. Unaleta pamba mpaka tunajulikana nchi nzima, lakini kwa fundi ni balaa. Ukilowa unaumuka kama andazi, ukikauka unapasuka nyufa ambazo kandambili inazama. Zege ukilimwaga juu yake bila kuutoa, baada ya misimu miwili sakafu imevunjika vipande kama chapati kavu, na mabomba ya chini nayo yamefuata. Kwa hiyo fundi akija na bei ya chee, mwulizeni swali moja tu: udongo wa mbuga unautoa kwenda chini kiasi gani, na unajaza moramu kiasi gani? Akianza kukohoa, msindikizeni.

Wapi sasa? Kuna wanaosema Nyakabindi, pale kwenye viwanja vya Nane Nane, kwa sababu pamezoea makubwa, sherehe za kitaifa zilifanyika pale mwaka 2018, 2019 na 2020. Mimi nakataa. Mtoto wa Somanda hafiki Nyakabindi kwa miguu, na mwenye kupanda bodaboda kwenda kucheza siyo yule anayeishia lamboni. Uwanja huu uwe katikati ya makazi, eneo la wazi ambalo mama akitoka kusuka anaweza kulichungulia. Uwe na uzio mfupi, kivuli, mabenchi, geti moja tu. Mji mzima ukipata mmoja mdogo unaofanya kazi ni afadhali kuliko mkubwa wa picha.

Tukija kwenye mshiko, hapo ndipo naona vijana wenzangu wameanza kuamka. Tayari mnajua biashara ya kuburudisha watoto inalipa. Nenda baa yoyote yenye nyama choma ya maana Jumapili, utakuta bembea mbili za chuma na jumba la upepo la kurukia. Baba anakunywa kwa amani, watoto wanaparamia. Na kule Dar, Kunduchi wana Wet 'n' Wild yao, watu wanajaa na kiingilio wanalipa. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita elfu moja, kwa hiyo wengi tunaishia kuiona kwenye picha za shemeji.

Basi kuna jamaa mmoja, muuza chipsi, akili yake inachaji haraka kuliko simu yake, akasema, "Weka kiingilio elfu tatu kwa kichwa, mwaka mmoja hela imerudi." Hapana kaka. Nani anakwenda kwenye shimo la moramu? Siyo mtoto ambaye baba yake anatoa elfu tatu bila kuhesabu. Ukiweka kiingilio cha elfu tatu, utakuwa umejenga sehemu nzuri sana kwa ajili ya watoto ambao hawakuwa hatarini, na wale wengine watakuwa wanapita nje ya uzio wakielekea kule kule. Mtoto aingie bure. Hela itafutwe kwa mzazi aliyekaa pembeni akiona joto: juisi, soda, chipsi, kiti cha kivulini, maegesho, meza za besdei Jumamosi.

Na mtaji? Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo, na asilimia nne katika hiyo ni ya vijana. Tumeizoea ya bodaboda na ufyatuaji tofali, sawa. Kikundi cha vijana kikiomba mkopo wa vibanda vya vinywaji na usafi wa eneo, halmashauri ikabeba zege, tangi na pampu, hapo kuna maongezi ya watu wazima. Na atakayesema halmashauri haina kazi ya kuchezesha watoto, mwonyesheni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Haki ya kucheza na kupumzika imeandikwa humo, haikuandikwa na mimi.

Kitu kimoja nisikisahau. Mtoto anayechunga ng'ombe kule Itilima au Meatu, huu uwanja wa mjini hatauona. Wake ni wa aina nyingine: mashimo yafukiwe. Mkandarasi asilipwe hela ya mwisho mpaka mwenyekiti wa kijiji aende akasimame pale palipokuwa na shimo, kwa miguu yake, akiwa mkavu. Na lambo la ng'ombe liwekewe uzio wa miti ya miiba na njia moja ya kunyweshea. Hiyo haihitaji Mjerumani.

Kwa hapa mjini, sioni kwa nini tusianze na kidogo sana. Sakafu ya zege hatua kumi kwa kumi, udongo wa mbuga ukiwa umetolewa. Bomba moja limepindwa juu na kutobolewa matundu, kitufe cha kubonyeza, simtanki moja, na maji yakishatumika yaende kwenye miche ya miti, wala yasirudi kwa mtoto, ili tusihitaji ile mitambo ya taa kwa sasa. Jumamosi saa saba mpaka saa tisa, basi. Saa mbili tu kwa wiki, bomba moja badala ya kumi, dakika tatu tatu. Hata nikisema kitufe hakipumzishwi kabisa na bomba linatoa lita 20 kwa dakika, ni lita 2,400, ndoo 120 kwa wiki nzima. Nimempigia hesabu hiyo fundi wangu wa pikipiki. Amekuna kichwa, ameuliza kama watu wazima nao wataruhusiwa.

Hawataruhusiwa. Tukutane wiki ijayo.